Sanduku la Kuvunjia Hasira

Wazazi wenzangu, nawaomba utulivu kidogo. Haya ninayowaeleza yalitokea uani kwetu, hatua saba kutoka mlangoni kwangu, na siwezi kuyasimulia kama mtu aliyepita njia, kwa kuwa mkono wangu umo.

Nyumba yetu ni ya kupangisha. Ina vyumba sita vinavyotazamana, bomba moja la maji katikati, na kamba za kuanikia zinazopishana juu ya vichwa vyetu. Upande wa barabarani palikuwa na karakana ya fundi vioo. Yeye, mkewe na binti zao wawili walikaa katika vyumba vya nyuma yake. Binti mkubwa alikuwa na miaka tisa, tulimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo wake. Mdogo alikuwa na miaka mitatu, jina lake la uani ni Bonge, na ukiyaona mashavu yake hukuwa na haja ya kuuliza kwa nini.

Asubuhi za siku zisizo na shule, watoto wote wa pale walikusanyika mlangoni kwa fundi kumtazama akikata kioo. Walinyamaza wenyewe, bila mkubwa kuwaambia. Fundi alipangusa kioo, akalaza rula ndefu, akachovya kikatio kwenye mafuta ya taa, akatoa pumzi polepole, ndipo akavuta mstari. Mstari mmoja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, mkono haupepesuki.

"Kioo hakitaki papara," alikuwa akiwaambia. "Ukirudia mstari mara ya pili, kimekushinda hicho."

Kisha akagonga kidogo kwa chini, na kioo kikaachana pande mbili bila kelele. Watoto walipiga makofi. Bonge alipiga ya kwake wenzake wakishamaliza, peke yake, kwa furaha ya mtu aliyewahi.

Mngemwona fundi asubuhi ile mngesema, huyu baba ni mpole. Wiki yangu ya kwanza pale, na mimi nilisema hivyo.

Wiki ya pili nikasikia jioni zake. Saa kumi na moja hivi, karakana ikishafungwa, sauti ilianza kupanda kwa jambo dogo kabisa. Chumvi imezidi. Mlango umefungwa kwa kishindo. Bonge analia na hasemi anachotaka. Ikaenda sahani ukutani, kesho yake redio, na baada ya redio ukawa mkono wa mkewe. Asubuhi tulimkuta bombani amevaa sweta la mikono mirefu, na jua linachoma.

"Nimejigonga kabatini," alisema.

Kabati gani, jamani? Nguo za nyumba ile zilikaa kwenye masanduku mawili chini ya kitanda, na sote tulijua.

Mama mzazi wa fundi alipokuja kuwatembelea, aliuona mkono ule, akaketi na mkwewe uani akimsaidia kuchambua mboga. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Mwanangu damu yake inachemka, mama. Marehemu baba yake alikuwa hivyohivyo, na babu yake. Hasira za ukoo huu hazizuiliki, zinatolewa. Mtafutie kitu avunje, asivunje watu."

Mke wa fundi alilipokea shauri hilo kama mgonjwa anavyopokea dawa. Nyuma ya karakana palikuwa na sanduku kubwa la mbao, lile ambalo vioo vizima huletwa ndani yake. Akalisimamisha pembeni ya ua, mdomo wake juu, kimo chake kikimfika mtu mzima mapajani. Kila siku alikusanya mabaki ya vioo chini ya meza ya mumewe, akayapanga pembeni ya sanduku kama kuni. Fundi alipohisi kichwa kinapanda, alivaa buti na glovu nene, akaenda kurusha vipande ndani ya sanduku, kimoja kimoja, mpaka jasho limtoke. Kisha akarudi ndani, akala.

Uani palikuwa na vicheko vyake. Mwenye nyumba, mama mmoja mnene asiyeacha neno lipite, alisema, "Waume wa wenzio wanakwenda mpirani, wako anakwenda sandukuni!"

"Afadhali sandukuni," mke wa fundi akajibu. "Huko hakuna anayelia."

Miezi miwili hakupigwa. Sweta likarudi chini ya kitanda. Sisi majirani tukajiona tumeponya nyumba, na kila mmoja akawa anachangia: gilasi iliyopasuka, chimni ya taa, chupa. Mimi nilitoa kioo changu cha kujitazamia kilichokuwa na ufa, na chupa tatu za kijani za mafuta ya nywele. Nilizipeleka mwenyewe, nikashukuriwa.

Sasa, mimi nasoma masomo ya jioni. Niliacha shule mapema, nikapata mtoto, nikarudi. Tunakalia madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, na anayetufundisha elimu ya mwili ni muuguzi mstaafu, mjane, mwenye sauti ndogo inayowanyamazisha hata madereva waliokaa nyuma. Jumanne moja alichora kichwa cha mtu ubaoni.

"Huku ndani, kila upande, kuna kitu kidogo kama punje kubwa ya haragwe," alisema. "Kazi yake ni kupiga kelele: hatari! Kinawahi kuliko fikra. Mapigo ya moyo yanapanda, ngumi inakunjwa, wewe mwenyewe bado hujajua kuna nini. Na hapa mbele, nyuma ya paji la uso, ndipo yalipo mambo ya breki. Hapa panachelewa kidogo. Panauliza: ni hatari kweli, au ni chumvi tu?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, nilidhani amepita uani kwetu.

"Breki hiyo inachoka," akaendelea. "Usipolala, inalegea. Ukiwa na njaa, inalegea. Ukilewa, ndiyo usiseme. Na mtu aliyeizuia kutwa kazini, jioni anafika kwake imechoka. Hayo ni kweli, na tuwahurumie watu. Lakini kitu kinachochoka si kitu kisichokuwepo."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na mtu anayevunjavunja vitu ili hasira zimtoke?"

"Huyo anafanya mazoezi."

"Ya kuzitoa?"

"Ya kuvunja. Hasira si mvuke wa sufuria, kwamba ukifunua unaisha. Ubongo unashika unachourudia, kama miguu yako inavyoijua njia ya sokoni. Kila siku anaufundisha: ukikasirika, vunja. Anapumua, anajisikia vizuri, na ubongo unaandika kwamba ndivyo inavyofanywa. Kesho atavunja upesi zaidi." Akanitazama. "Amewahi kumpiga mteja?"

Nilifikiri. Nikamkumbuka yule tajiri wa gari jeupe aliyemwita fundi mpumbavu mbele yetu sote, na fundi akainamisha kichwa, "Samahani, mkubwa, nitakirekebisha," kisha akakata kioo kile bila mkono kutetemeka.

"Hapana, mwalimu."

"Basi breki anayo. Nyumbani kuna watoto?"

"Wawili."

"Wanamwangalia akivunja?"

Niliitikia kwa kichwa. Akaweka chaki chini. "Breki ya mtoto bado inajengwa. Haimaliziki mpaka apite miaka ishirini na ushei. Kwa sasa anaazima ya mkubwa aliye karibu naye. Kama ya mkubwa ni mbovu, mtoto anaazima ubovu."

Kesho yake nilimfuata mke wa fundi bombani. Namwita dada, naye huniita mdogo wake. Nikamweleza yote kama nilivyoyasikia. Alinisikiliza huku ndoo inajaa.

"Huyo mwalimu wako ana mume?"

"Ni mjane, dada."

"Basi marehemu alikuwa mpole." Akacheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. "Mdogo wangu, miezi miwili sijapigwa. Unajua maana yake? Nageuka kitandani upande ninaotaka. Nikaliondoe sanduku nimwambie nini? Kwamba jirani amesoma?"

Fundi alikuwa nyuma ya dirisha la karakana. Alitoa kichwa nje, anatabasamu.

"Shemeji! Wewe tufundishie watoto hesabu. Ubongo wangu niachie mwenyewe."

Nikacheka. Nawaambia kweli, wazazi wenzangu, nilicheka kwa sababu ndilo lililokuwa jepesi, nikabeba ndoo yangu nikaingia ndani. Sikulisema tena.

Sanduku lenyewe lilikuwa linasema. Mwanzo fundi alikwenda pale mara moja kwa wiki. Ikawa kila jioni. Ikawa asubuhi na jioni. Aliacha kuvaa glovu. Mabaki yalipokuwa machache alichukua kioo kizima cha mteja akakirusha, na mke akafagia vumbi lake bila neno. Kidoti alikuwa akikaa kizingitini, kidevu juu ya magoti, akimtazama baba yake kwa makini yaleyale ya wakati wa kukata. Siku moja nilimsikia akimwambia mwanangu, "Mimi nikikasirika, nachagua kwanza nitavunja nini." Nikasema moyoni, michezo ya watoto.

Alhamisi moja mchana, fundi alikuwa nyumba ya ng'ambo ya barabara akipima madirisha. Mkewe alikwenda duka la kona kununua sabuni. Mimi nilikuwa naanika. Kidoti alikuwa amerudi shule, na juu ya kiti chake uani palikuwa na ramani aliyoichora kwa siku tatu, mito kwa buluu, milima kwa kahawia, ya kupeleka kwa mwalimu kesho yake. Aliingia ndani kubadili sare.

Alipotoka, Bonge alikuwa amechuchumaa kwenye beseni la nguo, mikono mpaka viwikoni kwenye povu, anasugua karatasi kama anavyomwona mama yake akisugua kola. Maji yalikuwa na rangi ya buluu.

"Nimekufulia," alisema, anamwonyesha dadake kilichobaki.

Kidoti hakupiga kelele. Uso wake ulibadilika, nikauona, nikadhani atalia. Hakumgusa mdogo wake hata kwa kidole. Alikwenda pembeni, akavaa glovu za baba yake zilizomfika juu ya viwiko, akachagua chupa. Ilikuwa ya kijani. Ilikuwa yangu. Akasimama mbele ya sanduku, akairusha kwa nguvu zake zote.

Bonge alikuwa amemfuata. Mdomo wa sanduku ulimfika kifuani, na alikuwa ameinamia ndani aone vizuri, mikono tayari kwa kupiga makofi.

Sauti ya kuvunjika ilikuwa moja. Kisha ikaja ile ya mtoto, ambayo sitaieleza.

Nilipofika nilimkuta ameshika uso, na damu inapita katikati ya vidole vifupi. Nilimnyanyua. Mama yake akatokea getini, sabuni ikamwanguka, akanipokonya mtoto akamfunika kwa taulo lililokuwa kambani. Fundi alikuja mbio, kamba ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Nani? Nani amefanya hivi?"

Kidoti hakukimbia. Alisimama palepale na glovu zake.

"Mimi, baba. Lakini sikumpiga," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayetaja jibu analojua ni sahihi. "Nilikuwa natoa hasira."

Akampiga. Mkono uleule unaovuta mstari mmoja bila kupepesuka ulishuka juu ya sikio la mtoto wa miaka tisa, akaanguka, akamwinua kwa glovu, akampiga tena, mara ya tatu, ya nne. Milango sita ilikuwa wazi. Watu wazima tulikuwa wanane pale, na hakuna aliyesogea kumzuia. Nami sikusogea. Mke alipiga kelele, "Mwache, tumpeleke huyu hospitali!" Fundi akamgeukia yeye.

"Wewe ndiye uliyeleta sanduku! Wewe!"

Akamsukuma, akaanguka chini na Bonge kifuani. Mkono ukapanda tena juu yao wote wawili.

Mwenye nyumba alikuwa amekimbilia kituo kidogo cha polisi kilichopo njia panda, akarudi na askari mmoja, kijana, mwembamba, kofia imemzidi kichwa. Fundi angeweza kumbeba kwa mkono mmoja.

"Wewe! Acha!"

Na fundi akaacha. Mkono uliokuwa hewani ulishuka polepole ukatulia ubavuni. Mabega yakalegea, sauti ikawa ya asali. "Samahani, afande. Ni mambo ya nyumbani tu, afande. Karibu ukae." Akavuta kigoda, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

Mke wake alimtazama kutoka chini. Alitazama kile kigoda, akakitazama kile kiganja.

"Kumbe unaweza," alisema.

Hakulia. Aliinuka na mtoto wake, tukapanda gari la jirani.

Jicho halikuokoka. Daktari alijaribu kutwa, mwisho akaliondoa. Sikio la kushoto la Kidoti lilivuma kwa wiki mbili, na mpaka leo ukimwita kutoka upande huo hageuki. Bibi yao alikuja wodini, akasimama mguuni mwa kitanda, na maneno yake ya kwanza kwa mkwewe yalikuwa, "Ungekaa na watoto badala ya kuzurura madukani." Fundi alifungwa miezi kadhaa, akatoka. Anafanya kazi mtaa mwingine sasa, na wateja wanamsifu kwa upole. Nasikia bado anasema alizaliwa hivyo.

Dada yangu alihamia na watoto kwa kaka yake. Jumamosi nakwenda kuwaona. Bonge amejifunza kugeuza kichwa kizima ili aione sahani yake, akiipata anaicheka. Huyo anakua. Kidoti ndiye asiyecheza. Anakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono ameikalia. Shuleni pia, mwalimu wake anasema, huitoa wakati wa kuandika, kisha huirudisha chini ya mapaja.

Siku moja nilimweleza habari ya breki, nikitumaini itampunguzia mzigo. Nilimwambia kosa halikuwa lake, kwamba alifanya alichofundishwa, kwamba ubongo wake bado unajengwa.

"Itamalizika lini, mama mdogo?"

"Taratibu. Ukipita miaka ishirini na kidogo."

Alihesabu kwa midomo, mikono ikiwa palepale chini yake.

"Bonge atakuwa na kumi na tano au zaidi," alisema. "Basi mpaka hapo muwe mnamkalisha mbali na mimi."

Nilimkumbatia, akakubali kukumbatiwa. Mikono hakuitoa.

Funzo tunalolipata

Wazazi wenzangu, tusidanganyane kwamba hasira ni damu ya ukoo isiyo na dawa. Kukasirika kunakuja bila kuitwa, na hakuna mwenye lawama kwa hilo. Kinachofuata baada ya hapo ndicho tunachokifundisha ubongo wetu kila siku, kwa kukirudia, na watoto wanajifunza bila kuandikishwa darasani. Anayejizuia mbele ya tajiri na mbele ya askari ana breki nzima. Akiiacha mlangoni kwake, ameichagua njia hiyo, hata kama amechoka, na uchovu wake si ruhusa.

Enyi wake, na waume mnaopigwa pia, msiwatafutie wanaowapiga vitu vya kuvunja. Mnawafanyisha mazoezi. Tafuteni pa kwenda, semeni mapema kwa watu wanaoweza kusaidia. Nanyi majirani, pamoja na mimi niliyetoa chupa na kucheka bombani: kujua jambo na kulinyamazia ili tusionekane wajuaji ni kushiriki.

Breki inaweza kufanyiwa mazoezi pia, hata ya mtu mzima wa miaka hamsini. Mwalimu wetu anasema hivyo na mimi nimeanza kuliona kwangu mwenyewe. Lala. Kula kabla hujagomba. Moyo ukianza kwenda mbio, ondoka mbele ya mtoto, toa pumzi ndefu, hesabu nguo kwenye kamba, na usirudi mpaka umepoa. Ukirudi, mwambie kwa maneno: nilikasirika, nikatoka, sasa nimerudi. Akiyasikia na kuyaona hayo mara nyingi, mtoto wako atakuwa na kitu kizima cha kuazima.